Jeki, Kidoti na mimba yangu

Jeki si mbwa wa kumganda mtu. Kwake nyumba ni lindo: hulala kwenye zulia la mlangoni, masikio yamesimama, akisubiri cha kubwekea. Ukimwita anakuja, ukimkuna shingo anatulia kidogo, kisha anarudi zamu yake. Ndiyo maana nilishangaa alipoanza kunifuata hadi chooni. Nikifunga mlango analala kwa nje, pua ameibana kwenye upenyo wa chini, namsikia anavyovuta hewa. Nikikaa kwenye kochi anakuja kuninusa, na si mikono kama alivyozoea. Ananusa mapajani, anapanda tumboni, anarudi mapajani, pumzi fupifupi, halafu anainua macho kuniangalia. Mimi nilijiona nimechoka tu. Kupima nilikuja kupima baadaye, mistari ikatoka miwili.

Tangu hapo kila niliyemsimulia amenijibu vilevile: mbwa alijua. Na wajawazito wenzangu kliniki kila mmoja ana kisa chake, huyu paka wake hashuki tumboni, yule mbwa wake kaanza kumbwekea hadi shemeji. Sasa nina mimba ya pili. Jeki yupo, paka wetu Kidoti yupo, na safari hii nimewatazama wote wawili kwa macho ya mtu anayetafuta jibu. Ninavyoamini mimi ni hivi: Jeki hakujua kwamba nina mtoto tumboni. Alijua kwamba mimi siye yule wa juzi. Tofauti hiyo naishikilia, kwa sababu ukidhani mnyama amepokea habari njema utamwacha ashangilie, kumbe mwenzio ana wasiwasi na hana wa kumuuliza.

Tuanze na pua. Mbwa anakadiriwa kuwa na vipokezi vya harufu hadi milioni 300, binadamu tunavyo kama milioni 6. Zaidi ya hapo, mbwa na paka wana kiungo kingine juu ya kaakaa, kinachoitwa kiungo cha Jacobson kwa jina la daktari wa Denmark, Ludwig Jacobson, aliyekieleza mwaka 1813. Kazi yake ni kupokea ishara za kikemikali zinazotoka kwenye miili ya wengine. Na mwili wa mjamzito hauchelewi kubadilika. Mimba ikishajishikiza kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi, homoni ya hCG inaanza kutoka (ndiyo hiyo inayotafutwa na kipimo cha mkojo), huku homoni nyingine, projesteroni na estrojeni, zikipanda wiki hadi wiki.

Kuna utafiti mmoja ambao si wa mimba lakini ulinifungua macho. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen's cha Belfast walikusanya jasho na pumzi za watu, wakawapa kazi ya kuhesabu kwa sauti kurudi nyuma kutoka 9,000 wakipunguza 17 kila mara, kisha wakakusanya tena. Mbwa waliofunzwa wakapewa sampuli hizo wachague, na katika majaribio zaidi ya 9 kati ya 10 walichagua ile ya mtu aliyetoka kubanwa na hesabu. Mtu ni yuleyule, dakika chache tu zimepita, na harufu yake tayari ni nyingine. Sasa fikiria mwili unaojenga mtu mwingine ndani yake kwa miezi tisa.

Lakini pua haimalizi maelezo, na hapa ndipo wengi tunapoishia haraka mno. Jiangalie unavyoishi miezi mitatu ya mwanzo. Unalala mchana. Asubuhi unatapika, na sauti ya kutapika inaweza kumtisha mbwa. Manukato uliyojipaka miaka yote yanakutia kichefuchefu, umeyaweka kando. Matembezi ya jioni yamefupishwa, siku nyingine yamefutwa. Baadaye tumbo linakua, uzito unahamia mbele, unaegemeza mgongo nyuma na kutanua miguu, na mwendo wako unageuka kabisa. Mbwa hutambua mtu wake kwa mwendo akiwa mbali kabla hata upepo haujamletea harufu. Jeki aliwahi kunibwekea nikitoka bafuni gizani, mwezi wa nane wa mimba ya kwanza, kisha akanifikia akaninusa, mkia ukashuka, akajipitisha miguuni pangu akilamba midomo. Nilimhurumia sana. Alikuwa anajaribu kunitambua.

Watu husema mbwa akiweka kichwa tumboni anasikiliza moyo wa mtoto. Mume wangu naye ni wa imani hiyo. Mimi naona Jeki anapenda joto na anapenda nikae, basi.

Kidoti, kwa upande wake, katika mimba hiyo ya kwanza alianza kwa kunikimbia. Ni paka dume aliyehasiwa, mweusi, na doa jeupe kifuani lililompa jina. Wiki za mwanzo nikimbeba anajinyonganyonga na kuruka chini. Siku moja nilimkuta juu ya fulana niliyoivua, ameiingizia pua kwapani, kisha akainua kichwa na kubaki mdomo wazi, mdomo wa juu umekunjwa, meno yanaonekana, macho yameduwaa. Asiyejua atasema paka amechukizwa. Hapana, paka akifanya hivyo anapitisha harufu kwenye kile kiungo cha Jacobson, anaisoma vizuri zaidi. Aliisoma fulana yangu muda mrefu, akajilaza juu yake.

Baada ya hapo akahamia tumboni kwangu moja kwa moja. Hili la tumbo lina sababu ambazo hazihitaji muujiza. Projesteroni hupandisha joto la mwili kwa sehemu ndogo tu ya digrii, lakini paka hupenda joto la nyuzi 30 hadi 38, kwa hiyo karibu kila nyumba ya binadamu kwake ina baridi. Mtu mwenye joto, ambaye sasa anakaa kochini masaa badala ya kuzungukazunguka, ni mahali pazuri pa kulala. Na kule kukandakanda kwa miguu ya mbele ni tabia waliyotoka nayo kwenye chuchu za mama yao, walikokanda ili maziwa yashuke. Hakuna ubaya wowote kwa mtoto. Mimi nilikuwa naweka blanketi katikati kwa ajili ya kucha tu.

Kisha akakojolea godoro jipya la kitanda cha mtoto. Kila mtu nyumbani akasema wivu. Nikawaambia twendeni kwanza kwa daktari wa wanyama, na naomba mwenye paka dume alisome hili mara mbili: paka akiwa na msongo anaweza kuvimba kibofu, na dume anaweza kuziba njia ya mkojo kabisa. Ukimwona anaingia kwenye trei ya mchanga mara kwa mara, anachuchumaa, analia, na mkojo hautoki, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, usisubiri kesho. Kidoti mkojo ulikuwa safi. Kilichomsumbua ni chumba. Kile chumba kilikuwa chake: dirisha lake, kiti chake, pembe alizopakazia mashavu miaka yote ili panukie yeye. Tukakimwaga vitu vyote nje, tukapaka rangi, tukaingiza mbao mpya na plastiki mpya. Nani asiyepotea hapo?

Tulimrudishia kiti chake dirishani. Nikachukua kitambaa laini, nikampangusa mashavuni pale panapotoka harufu yake, nikakipitisha kwenye miguu ya kitanda cha mtoto na kwenye fremu ya mlango, kila siku. Trei tukaihamishia pahali patulivu zaidi na tukaongeza ya pili. Godoro likaoshwa kwa sabuni ya vimeng'enya, ile inayovunja mkojo wenyewe badala ya kufunika harufu. Hakurudia tena.

Kuhusu paka bado sijamaliza, maana hasira zangu ziko hapa. Nimeambiwa zaidi ya mara moja nimtoe Kidoti nyumbani kwa sababu ya toksoplasmosisi, ugonjwa wa kimelea ambacho paka anaweza kukibeba. Ugonjwa upo na ni hatari kweli: mama akiambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa na mimba, kimelea kinaweza kumfikia mtoto na kumdhuru macho na ubongo. Lakini angalia kinavyosafiri. Paka kwa kawaida hutoa mayai ya kimelea hicho kwenye kinyesi kwa wiki 1 hadi 3 tu baada ya kuambukizwa kwa mara ya kwanza, na mayai hayo hayaambukizi papo hapo. Yanahitaji siku 1 hadi 5 kukomaa. Kwa hiyo trei ikisafishwa kila siku, na mtu mwingine akaisafisha, hatari inashuka mno. Kama huna mtu, vaa glavu na nawa mikono vizuri. Paka asile nyama mbichi, asiwinde panya. Na wakati unamtazama paka kwa jicho baya, kumbuka nyama isiyoiva na udongo wa bustani, ndiko wengi wanakoupatia. Kuna kipimo cha damu kinachoonyesha kama ulishawahi kuambukizwa, muulize anayekuhudumia kliniki. Kumtupa mnyama aliyekulalia miguuni miaka yote bila hata kuuliza swali hilo ni ukatili.

Sasa turudi kwa Jeki, kwenye jambo lililonifanya niandike. Mwezi wa saba wa mimba ya kwanza, usiku mmoja, mume wangu alikuja kukaa pembeni yangu. Jeki alikuwa ameshajilaza katikati. Akanguruma. Kwa chini sana, mdomo umefungwa, mwili mzima umekakamaa, weupe wa jicho unaonekana pembeni. Ndugu waliokuwepo wakacheka na kupiga makofi: "Anamlinda mwanawe!" Mmoja akatoa simu arekodi.

Sikucheka. Mbwa anayenguruma kwa ajili yako hakupi zawadi, anakwambia amefika mwisho wa uvumilivu. Leo ni kwa baba mtu, kesho ni kwa mkunga aliyekuja kukuona, keshokutwa ni kwa mtoto anayejifunza kutambaa kuelekea kwako. Na wengine wakataka apigwe. Hapana pia. Ukimpiga mbwa kwa kunguruma unamfundisha kunyamaza, humfundishi kutulia, na mbwa aliyeacha kuonya ndiye anayeng'ata ghafla.

Tulimtafuta mtu anayefundisha mbwa kwa zawadi, si kwa kipigo. Kazi yenyewe ilikuwa ya polepole na ya kurudiarudia. Mume wangu akitokea mlangoni, kipande cha nyama kinaangukia mbali na mimi, Jeki anakifuata. Akija karibu zaidi, kingine. Jeki akikakamaa, mimi nainuka naondoka bila neno, ili anachokilinda kiondoke chenyewe. Tukamfundisha "shuka" na "kitandani kwako", na kitanda chake tukakifanya mahali panapotokea mambo mazuri tu. Matembezi ya asubuhi akayachukua mume wangu tangu wakati huo. Tukacheza sauti ya mtoto anayelia, chini kabisa kwanza huku Jeki anakula, kisha tukaipandisha siku baada ya siku. Nikatembea naye nikisukuma kigari kitupu. Ilifika mahali mume wangu akiingia, Jeki anamtazama mkono badala ya kunitazama mimi.

Mimba hii ya pili ndiyo iliyonithibitishia. Harufu yangu imebadilika vilevile kama mara ya kwanza, homoni ni zilezile, lakini Jeki hakunifuata chooni hata kidogo. Alininusa mapajani siku za mwanzo, akanusa tena, akarudi kwenye zulia lake. Tofauti ni nini? Matembezi hayakukatika, kwa sababu si mimi ninayempeleka. Anapolala hapajaguswa. Kutapika kwangu alishakusikia. Kidoti naye amelala tumboni toka wiki za mwanzo, na chumba chake safari hii hakuna aliyekigusa. Kitanda kilirudishwa kipande kipande, akikagua kila kipande kwa mashavu.

Kwa hiyo mjamzito mwenzangu, ukimwona mnyama wako amebadilika, anza kwa kuuliza ni nini kimebadilika kwake. Nani anamlisha sasa? Analala wapi? Lini mara ya mwisho ametoka nje na mtu asiye na haraka? Akiacha kula, akijilamba hadi manyoya yakatoka, akikojoa pasipo pake, mpeleke kwa daktari wa wanyama kabla hujampa jina la wivu. Na mabadiliko ambayo lazima yaje, kama kumtoa chumbani kwenu, yafanye mapema, miezi kabla mtoto hajaja, asije akayafungamanisha na mtoto.

Mimi mfuko wa kujifungulia nimeshaufunga. Kwenye friji nimebandika karatasi ya atakayebaki nyumbani: saa za chakula za Jeki na Kidoti, nani anamtembeza Jeki asubuhi na nani jioni, trei ya mchanga kila siku, namba ya daktari wa wanyama. Chini kabisa nimeandika kwa kalamu nyekundu kwamba Jeki na mtoto wasiachwe wawili tu chumbani, hata kwa dakika ya kwenda kuzima jiko. Mume wangu ameisoma akaongeza kwa mwandiko wake: nyama za zawadi ziko rafu ya juu, kushoto.