Bata bukini wa Leigh, na ushauri wa kuamka alfajiri

Kila niliyemuuliza namna ya kuwapiga picha ndege wa pwani hapa Essex, mashariki mwa Uingereza, alinipa majibu mawili tu: nunua lenzi kubwa, kisha uamke alfajiri. La lenzi sikuliweza, bei zake zinatosha kununua gari chakavu. La kuamka nikalifuata, na hadi leo likinijia nakunja uso.

Ilikuwa Desemba, mwezi umetoka kuwa mpevu. Nikapanda treni ya gizani kutoka stesheni ya Fenchurch Street, London, hadi Leigh-on-Sea, nikavuka kwa miguu kwenda kisiwa cha Two Tree, mahali palipokuwa dampo zamani na leo ni hifadhi. Mshauri wangu mkuu, mzee mmoja wa klabu ya picha anayeishi mbali kabisa na bahari, alikuwa amenisisitizia pia koti la madoa kama la jeshi, na kwamba nitambae. Basi nikatambaa. Koti lenyewe la nailoni, kila nikinyoosha mkono linalia chwaa, chwaa. Tope la kule si mchanga wa Raskazone, ufuo wa kwetu Tanga. Linakumeza buti kisha linakataa kuirudisha. Jua likatoka saa mbili, nikainua kichwa, na bahari haikuwepo. Maji yalikuwa yamepwa hadi upeo wa macho, na ndege nao wameyafuata huko huko. Picha nilizopiga ni kama pilipili manga iliyomwagikia unga. Nikiwa nimelala kifudifudi akaja mbwa, akailamba lenzi, na nyuma yake bibi mmoja juu ya tuta akaniuliza kwa upole kama aniitie gari la wagonjwa.

Nilivumilia hadi karibu saa sita, vidole havinisikii tena, nikarudi stesheni. Reli ya pale inapita pembeni kabisa ya kinamasi. Treni inaondoka, natazama dirishani: maji yamejaa hadi kwenye majani, na bata bukini wanaelea kundi zima hatua chache kutoka relini, wanakula, wala treni hawaijali.

Hapo nikacheka peke yangu, abiria wakanitazama. Mtoto wa Tanga nafundishwa kuamka na watu wasiojua kupwa na kujaa! Mwezi mpevu maana yake bamvua, maji yanayojaa na kupwa kupita kiasi. Nikafungua ratiba ya maji ya Southend, na kweli: siku za bamvua maji hujaa pale kati ya saa sita na saa nane mchana. Kwa hiyo alfajiri ya siku hizo ndiyo saa ya maji kupwa, na pwani ile ni bapa mno. Gati la Southend, jirani tu, lilijengwa zaidi ya kilomita 2 kwa sababu hiyo hiyo. Anayetaka kuamka mapema achague siku za maji mafu, yale yanayopanda na kushuka kidogo, maana hayo hujaa asubuhi, ingawa maji mafu hayawasukumi ndege karibu kama bamvua.

Tangu hapo nalala. Nafika saa nne na nusu, chai ya tangawizi kwenye chupa, nakaa upande wa kaskazini wa kisiwa, natazama mkondo kuelekea mjini. Jua la majira ya baridi halipandi juu, linakaa kusini siku nzima, kwa hiyo linakuwa mgongoni mwangu na mwanga ni mzuri hata adhuhuri. Ukikaa upande wa kusini utapata vivuli vyeusi tu. Nakaa chini, sitambai, sivai madoa. Wale bata wamezoea watu wanaopita njiani. Wanachokiogopa ni mbwa aliyefunguliwa na mtu anayewaendea moja kwa moja huku amewakodolea macho. Maji yanapanda, yanawaleta yenyewe.

Wakikaribia ndipo utajua ni ndege gani: wale ambao Waingereza huwaita brent. Kichwa na shingo nyeusi tii, shingoni kijipande cheupe kama kola iliyokatika, na mikia myeupe inayobinuka wakizamisha vichwa kung'oa nyasi za baharini. Wenye mistari myeupe mbawani ni makinda ya mwaka huo, waliozaliwa Siberia, Taimyr, na kuruka hadi hapa na wazazi wao. Weusi ule na weupe ule hudanganya kamera: ukiiachia iamue, mikia inaungua kwa mwanga. Punguza mwanga kidogo, utauinua nyumbani kwenye kompyuta. Wakiruka mbele ya mawingu ya kijivu fanya kinyume, ongeza, la sivyo utapata kunguru. Na wote wakiinua shingo kwa pamoja, tulia au rudi nyuma. Wanakula mafuta ya safari ya kurudi, na kuwarusha bure ni kuwapora.

Betri ya akiba iweke ndani ya sweta, baridi inazimaliza haraka. Kabla ya kuingia kwenye joto, funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki, umande utashika mfuko badala ya lenzi.

Mama aliponipigia nikamtumia ile ninayojivunia, bata watatu wanatua, maji yanaruka. Akaitazama, akasema, "Wamenona, mwanangu. Huko hawaliwi?" Nikamwambia wanalindwa. Akaniuliza basi nafuata nini kwenye baridi yote hiyo. Nikamtumia ya sululu na mdomo wake mrefu uliopinda, ndege anayemwona ufukweni nyumbani, akanyamaza kidogo, kisha akaomba apewe nyingine.

Lenzi yangu ni ya mtumba, pauni mia tatu na kitu, na hela ya lenzi kubwa nimenunulia buti zinazofika magotini. Lile koti la madoa bado ninalo. Anayelitaka aje alichukue.