Tafakari ya Wiki: Kengele ya Frere Town

Somo: Nehemia 4:15–23

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Ukivuka Daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa na kushika barabara ya Malindi, hukawii kufika njia panda ya Kengeleni. Kando ya barabara pana mnara mfupi wa mawe, na ndani ya tao lake imetundikwa kengele. Kanisa la Emmanuel liko jirani, lakini mnara wenyewe umesimama peke yake. Kwa kawaida kengele ya kanisa huwekwa juu kabisa ya jengo la ibada, mlio upite juu ya mapaa na miti hadi kwa waumini walio mbali. Hii ya Kengeleni ilipewa kazi nyingine. Ilikuwa ya kuwaonya wanakijiji kwamba watekaji wa watumwa wanakuja.

Mwaka 1873 Sir Bartle Frere, aliyewahi kuwa gavana wa Bombay, alifika Zanzibar kumshinikiza Sultani Barghash aikomeshe biashara ya watumwa. Mwezi Juni mkataba ukatiwa saini na masoko yakafungwa. Penye soko la Mkunazini pakaanza kujengwa kanisa kuu la Anglikana, ambalo lipo hadi leo. Hata hivyo majahazi hayakuacha kubeba watu kwa siri, na kila manowari za Waingereza zilipoyakamata palizuka swali gumu: hawa watu waende wapi? Walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo. Kwao ni mbali, na njia ya kurudi ndiyo ile ile waliyoletewa wakiwa wamefungwa.

Shirika la CMS (Church Missionary Society), la wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza, likamtuma William Salter Price, akafika Mombasa mwishoni mwa 1874. Ardhi ikapatikana upande wa bara, kijiji kikaanza, kikaitwa Frere Town kwa heshima ya yule gavana. Ningependa tuwakumbuke pia waliomtangulia Price hapa pwani. Kulikuwa na Waafrika waliokombolewa wangali watoto, wakalelewa na kusomeshwa Nasik, India, kisha wakarudi Afrika kufanya kazi ya Injili. Wawili kati yao, William Jones na Ishmael Semler, walikuwa Rabai, kituo cha misheni bara ya Mombasa, tangu miaka ya 1860. Mwaka 1885 Askofu James Hannington akawaweka wakfu kuwa mashemasi. Historia ya kanisa letu huwasahau upesi mno, nami naona hilo ni deni letu.

Sasa turudi kwa Nehemia. Wajenzi wa ukuta wa Yerusalemu walikuwa wametawanyika, kila mmoja na sehemu yake, na maadui wamewazunguka. Nehemia akamweka mpiga tarumbeta karibu naye, akawaambia watu kwamba kazi ni kubwa na wao wako mbalimbali. Basi popote watakaposikia tarumbeta wakusanyike hapo, na Mungu wao atawapigania. Angalia agizo lenyewe. Hakuwaambia kila mtu aikimbilie nyumba yake na kufunga mlango. Aliwaambia waende kule ambako sauti inatoka, na huko ndiko kwenye hatari.

Nawawaza wale wa Frere Town. Hawakuwa ukoo mmoja wala hawakuzaliwa na lugha moja. Wengi walikuwa wamefundishwa na mateso kwamba hatari ikija kila mtu huokoa roho yake. Wakapewa mlio mmoja ambao Myao na Mmakua waliuelewa sawasawa bila mkalimani. Naye mtekaji aliyekuwa akinyemelea aliusikia pia, akajua kwamba ameonekana.

Hapa pana jambo lililonisumbua nilipokuwa nikiandaa tafakari hii, nami sitaki kulipita haraka. Kijiji kile kilikusudiwa watu waliokombolewa baharini. Je, yule aliyejikomboa kwa miguu yake, akatoroka shambani kwa bwana wake usiku akaja kubisha hodi misheni? Utumwa wenyewe bado ulikuwa halali hapa pwani, na sheria haikuufuta mpaka 1907. Wenye watumwa walilalamika kwamba misheni inawaibia mali yao, na mwaka 1880 Frere Town ikatishiwa kushambuliwa. Wakuu wa misheni, kwa kuhofia vita, wakakataza watoro wasipokewe. Lakini huko Rabai, chini ya Jones, waliendelea kuingia kwa mamia. Jones alikuwa amewahi kuwa mtumwa. Mambo yakachacha mwaka 1888, hadi George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza iliyotawala pwani alipokubali kuwalipa fidia wenye watumwa, na tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,000 wakapewa hati za uhuru.

Sheria ya Musa ililisema hili waziwazi. Kumbukumbu la Torati 23:15–16 inakataza kumrudisha mtumwa aliyetoroka kwa bwana wake. Akae kwako, mahali atakapopachagua mwenyewe, wala usimwonee. Andiko hilo lilikuwamo katika Biblia za wote wawili, aliyekataza na aliyepokea.

Biashara ya binadamu haijaisha, wapendwa. Vijana wetu wanaahidiwa kazi nzuri ng'ambo, wakifika wananyang'anywa pasipoti na simu zao zinanyamaza. Mama wa mmoja wao anakuja kanisani, anamnong'oneza mchungaji pembeni baada ya ibada, kisha anarudi nyumbani na mzigo wake. Wakati wa matangazo tumesikia kuhusu harambee, arusi na kikao cha kwaya. Habari ya mtoto wa yule mama hatukuisikia, pengine kwa kuwa familia inaona aibu, pengine kwa kuwa hatujawahi kuonyesha kwamba tungekusanyika. Ezekieli 33 inasema mlinzi auonaye upanga unakuja asipige tarumbeta, damu ya atakayechukuliwa itatakwa mkononi mwake.

Kwa hiyo naomba wazee wa kanisa, katika kila ushirika unaosoma tafakari hii, waweke nafasi katika matangazo ya Jumapili ijayo kwa familia yenye mtu aliyepotea au aliyekwama ng'ambo, kama yenyewe imeridhia. Jina litajwe, tuombe, kisha wateuliwe watu wawili watatu wa kufuatana na familia hiyo kwenda polisi na kwa wakala aliyempeleka, na wasiache mpaka jibu lipatikane.

Tuombe: Ee Bwana, uliyesikia kilio cha watu wako Misri, tupe masikio ya kusikia na miguu ya kwenda. Wakumbuke walio mikononi mwa watekaji usiku huu. Kwa jina la Yesu, Amina.