Kitendawili cha Mjomba

Mjomba alisubiri tumalize futari, akajifuta mikono, kisha akasema, "Kitendawili!"

"Tega!"

"Kiingereza kina maneno matatu yanayoishia na g, r, y. La kwanza *angry*, la pili *hungry*. La tatu?"

Yeye ni mwalimu mstaafu wa Kiingereza, na mimi wakati huo nilikuwa chuoni nikisoma isimu, kwa hiyo baraza zima likanigeukia. Nikataka kumpa mji yaishe. Nikamtajia Tanga, akakataa. Nikampa Mombasa, akakataa. "Mji siutaki. Nataka neno."

Nikarudi Dar na deni. Maktaba ya chuo ilikuwa na kamusi kubwa ya Oxford, toleo la pili la mwaka 1989, juzuu 20. Lakini kamusi hupangwa kwa mwanzo wa neno, na mimi nilipewa mkia tu. Rafiki yangu wa hisabati akashauri tubahatishe mwanzo: tuweke irabu moja, kisha konsonanti, tufungue tuone. Tukaanza na A, na *aggry* likajitokeza mapema mno: shanga za kioo za kale, za rangirangi, zinazothaminiwa sana Ghana. Hapo mtu mwenye akili angefunga kitabu. Sisi tukaendelea mpaka mkutubi akaanza kuzima taa, tukaibuka na *puggry*, kitambaa ambacho askari wa Kiingereza huko India walikizungusha kwenye kofia zao. *Meagry*, la mtu mwenye sura iliyokonda. Na *gry* lenyewe, kipimo cha urefu.

Nikampigia simu.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Lete."

Nikamsomea. Za Ghana akasema ni shanga za Waafrika, Waingereza wamekuta tu. *Puggry* ni kilemba cha Wahindi. *Meagry* limeshakufa, tusimfukue maiti. Lakini *gry* lilimnyamazisha. Nikamweleza kwamba ni la mwanafalsafa John Locke, karne ya 17: alitaka inchi igawanywe laini kumi, na kila laini igawanywe *gry* kumi.

"Sehemu ya mia ya inchi! Alikuwa akipima nini, kope za mbu?"

Nikamuuliza jibu lake ni lipi.

"Silijui. Nilitegewa na kijana wa Kimarekani aliyekuja kufundisha kwa kujitolea. Akarudi kwao bila kulisema."

Kwa maoni yangu kitendawili hiki ni cha kihuni. Neno la tatu ambalo mtu wa kawaida analijua halipo. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba mwaka 1975 kiliwasumbua Wamarekani wengi, wakawa wanawaandikia wachapishaji wa kamusi wa Merriam-Webster, mjini Springfield, Massachusetts. Wale walikuwa na kitu ambacho mimi na rafiki yangu tungekililia: makabati ya kadi zaidi ya 300,000, kila moja imechapwa neno kinyumenyume, *angry* ikawa *yrgna*, ili maneno yenye mwisho mmoja yakae pamoja. Ilikuwa kazi ya mashine ya taipu, miongo kadhaa kabla ya kompyuta kuirahisisha.

Nilimsimulia Mjomba habari hiyo nikidhani atafurahi. Alichotaka kujua ni kama wachapaji wale walilipwa kwa kadi au kwa saa.