Kucheza briji na mume wangu hapa Kigoma

Hapa Ujiji karata zinachezwa kila siku, na zinachezwa vizuri. Pita barazani baada ya swala ya alasiri utakuta watu wanne wamekaa, wawili kwa wawili, turufu imeshajulikana, na mmoja anaibamiza karata mezani mpaka vikombe vya kahawa vinaruka. Mume wangu amekulia hapo. Briji aliikuta Dar es Salaam akiwa masomoni, akarudi nayo, na mtu wa kwanza kufundishwa naye nikawa mimi. Siku hizi tunashiriki kama jozi katika mashindano madogo ya hapa mjini. Wanawake wenzangu huniuliza nawezaje kukaa meza moja na mume wangu saa tatu nzima, tukafungwa, na bado tukarudi nyumbani tunaongea. Nitaeleza tulivyofanya.

Anayejua karata za turufu ameshajua nusu ya briji. Karata ni 52, kila mchezaji anapata 13, na anayekaa mbele yako ndiye mwenzako. Tofauti kubwa ni mnada. Kabla ya kucheza, pande mbili zinashindana kutoa ahadi: tutakula mara ngapi, na turufu iwe nini. Pau ndiyo ya chini, kisha uru, kopa na shupaza, na juu kabisa ni bila turufu. Dau la 1 ni ahadi ya kula mara 7, dau la 7 ni kula zote 13. Upande ulioshinda mnada, mmoja anacheza mikono yote miwili na mwenzake analaza karata zake wazi mezani. Mchezo kwa sura hii uliwekwa sawa na Mmarekani Harold Vanderbilt mwaka 1925.

Kwenye mnada ndipo wanandoa wanapopimwa. Huwezi kumwambia mwenzako una karata gani, ila kila dau linabeba habari. Tunahesabu rea pointi 4, mfalme 3, malkia 2, jeki 1, na pakiti nzima ina pointi 40. Ukijua zako na ukakadiria za mwenzako, unajua mnaweza kuahidi nini. Sasa ikiwa yeye ana maana yake na mimi nina yangu, tumekwisha.

Kwa hiyo tulinunua kaunta buku. Tuliandika humo makubaliano yetu yote, kwa mwandiko wangu maana wake hausomeki na yeye mwenyewe anakiri. Mmoja wetu akifungua mnada kwa 1 bila turufu, ana pointi 15 hadi 17 na karata zake zimegawanyika sawasawa. Mwenzake akijibu 2 pau, hasemi kwamba ana pau. Anauliza, je, una karata nne za kopa au za shupaza? Anayefungua kwa kopa au shupaza anazo tano au zaidi. Mambo ya namna hiyo, na hayakuzidi kurasa chache. Ukiingia kwenye intaneti utakuta mitindo ya mnada haina idadi, na mume wangu alikuwa na hamu ya kuijaribu yote. Nilikataa. Naamini mpaka leo kwamba makubaliano machache ambayo wote wawili mnayakumbuka saa tatu usiku, mmechoka, yana faida kuliko mengi anayoyakumbuka mmoja.

Kukonyezana ndiko kulitusumbua zaidi. Barazani kukonyeza ni sehemu ya utamu: jicho, bega, kikohozi, kila mtu anajua na kila mtu anajaribu. Katika briji ni marufuku. Habari inapita kwa madau na kwa karata zinazotoka, basi, tena wapinzani wana haki ya kuuliza dau lenu lina maana gani nanyi mkawajibu kwa ukweli. Mkishakaa miaka ndani ya ndoa, hata mkimya mnasikiana. Mume wangu akivuta pumzi kabla ya kusema "pasi" najua ana karata nzuri kidogo. Sheria inanitaka nisiitumie habari hiyo, na kama nina njia mbili za kucheza, nisichague ile ambayo ile pumzi imenielekeza. Hili nalichukulia kwa uzito sana. Wanandoa ndio wa kwanza kushukiwa, na jina likichafuka mji mdogo kama huu haulisahau.

Dawa yake ilikuwa kuacha kutamka. Wenzetu wa nje wana visanduku vya kadi za madau; sisi tulikata manila. Madau yote ni 35, daraja saba kwa aina tano, ukiongeza pasi (kupita bila kunadi), dabo (kuzidisha thamani ya dau la wapinzani) na ridabo (kuizidisha tena). Unaweka kadi yako mezani bila kufungua mdomo, na sauti haibebi chochote. Katika mashindano makubwa ya dunia wamekwenda mbali zaidi, tangu 1975 wanaweka pazia la ubao katikati ya meza ili mtu asimwone mwenzake usoni.

Ugomvi nao tuliuwekea utaratibu. Mkono ukishakwisha hakuna kuulizana. Mume wangu ndiye aliyekuwa na ugonjwa huo: "Mama watoto, zile pau ulikuwa unazifungia nani?" Mbele za watu! Nikamwambia tukiwa nyumbani, kwa upole lakini bila kuzunguka, "Baba watoto, hapo unanisema mbele ya wageni, na mkono unaofuata sitaucheza vizuri, nitakuwa nakujibu wewe moyoni." Alinielewa. Tulikubaliana maswali yote yasubiri kesho yake, chai ikishanywewa, na kila swali lianze na "mimi niliona hivi". Inashangaza kiasi gani cha hasira kinaisha usiku kucha, na kinachobaki ni hesabu tu. Jozi mbili za hapa mjini wameuiga utaratibu huu na bado wanacheza pamoja.

Mashindano yenyewe tuliyaanzisha na walimu wenzangu, wastaafu wa reli na bandari, na wafanyabiashara wawili wa Mwanga ya hapa mjini waliokuwa wakiijua briji toka utotoni. Jambo la kwanza lilikuwa kuwatoa watu hofu ya kamari. Wazee kadhaa waliponiona mwanamke nimeshika karata walikuja kumuuliza mume wangu, na haki yao. Tuliwakaribisha waje watazame. Hakuna shilingi inayowekwa mezani, hakuna dau la fedha. Washindi wanaandikwa ubaoni. Tunacheza Jumamosi mchana katika darasa, ndani na madirisha ya upande wa ziwa yamefungwa, kwa sababu upepo wa Tanganyika ukianza kuvuma karata hazikai.

Uzuri wa mashindano ya briji ni kwamba bahati inapunguzwa sana. Karata zinagawiwa mara moja, halafu zile zile zinachezwa kila meza. Unachezea karata yako mbele yako, huirushi katikati, na mkono ukiisha kila mtu anarudisha zake 13. Sisi tunatumia bahasha nne za kaki zilizobanwa kwa stepla, zimeandikwa Kaskazini, Kusini, Mashariki, Magharibi, na bunda zima linahamia meza nyingine. Jozi 8 zinatosha meza 4. Mizunguko ni 7, kila jozi inakutana na kila jozi, na tukicheza mikono 3 kila mzunguko inakuwa 21. Mkono mmoja ukichezwa meza zote nne, unapata pointi 2 kwa kila jozi iliyoshika karata kama zako ukaishinda, na 1 mkilingana. Aliyepewa karata mbovu hana cha kulalamika, maana analinganishwa na watu waliopewa mbovu zile zile.

Kuna mkono mmoja bado naupenda. Nilifungua 1 bila turufu, mume wangu akaweka 3 bila turufu, wote wakapita. Nilitakiwa kula mara 9. Wa kushoto kwangu akaanza na mfalme wa kopa. Mimi nina rea, 7 na 4. Mezani kuna 6 na 2 tu. Mkono unawasha uipige ile rea papo hapo. Nikahesabu mkono wangu pamoja na wa mezani: tuna rea na mfalme wa shupaza, rea na mfalme wa pau, na rea ya kopa, jumla 5. Zilizobaki lazima zitoke kwenye uru, ambako mezani kuna rea, jeki, 10, 9 na 5, nami nina malkia, 8 na 3. Mfalme wa uru akiwa kulia kwangu atakula mara moja. Je, atarudisha kopa? Nikatoa 4. Akaja malkia wa kopa, nikatoa 7. Akaja jeki, hapo ndipo nikala kwa rea. Nikacheza malkia wa uru, wa kulia akala kwa mfalme wake, akatafuta kopa mkononi, hana. Zake tatu zilikuwa zimekwisha. Akarudisha shupaza, na mara 9 zikatimia.

Meza mbili walipiga rea mwanzoni, wakapoteza uru moja na kopa nne, wakapungukiwa kwa moja. Meza moja walifanya kama sisi. Tukapata pointi 5 kati ya 6. Mume wangu alikuwa ameshalaza karata zake na hana cha kufanya isipokuwa kutazama, na hakusema neno mpaka asubuhi.

Kwa wanaotaka kuanza, msisubiri muwe wanne wa kudumu. Sisi jozi ikikosekana tunafanya mazoezi ya mnada peke yetu: tunagawa mikono miwili, kila mmoja anaona wake, tunanadi mpaka mwisho, kisha tunaifunua na kuangalia kama ahadi ilifaa. Nusu saa baada ya chakula cha usiku inatosha. Kaunta buku ikae karibu, na kila mnapogundua jambo ambalo hamkuwa mmelipatana, liandikeni usiku huo huo kabla hamjalala.