Siku hizi nashuka Baruti

Kama kuna bingwa wa kuanza mazoezi ni mimi. Nimeanza Januari, nimeanza baada ya Ramadhani, nimeanza Jumatatu sijui ngapi. Mwaka juzi nikalipia jimu miezi mitatu kwa mkupuo eti ile hela itaniuma niende, nikaenda siku tisa. Tisa, nimehesabu. Ya kumi mvua ikanyesha, ya kumi na moja nikasema si nilishakosa jana, ngoja wiki ijayo nianze upya, ndio ikawa imetoka hiyo.

Uvivu upo, sikatai. Ila mtu nimesimama kwenye basi toka Posta, kuna jamaa kaniegemea begani njia nzima, nafika nyumbani Kimara giza limeingia, halafu ndio nivae bukta nitoke tena? Nani huyo?

Kilichonibadilisha ni presha. Daktari alivyoiona akauliza kazi unayofanya ni ya kukaa eh, nikamwambia ndio, akasema basi tembea, WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki, na mwendo uwe ule ambao kuongea unaweza ila kuimba huwezi. Nikapiga hesabu, nusu saa mara siku tano. Siku tano si ndio siku za kazi, na njia ya kurudi nyumbani ipo tu kila siku nitake nisitake.

Basi toka mwezi wa pili jioni nashuka kituo cha Baruti, kabla sijafika kwangu, nakipandisha kile kilima na mguu mpaka Kimara Mwisho, wanaokijua wanakijua. Wiki ya kwanza nilipitwa na bibi ana ndoo kichwani. Raba zinakaa chini ya meza ofisini kwenye mfuko (sio rambo, rambo zilishapigwa marufuku 2019), saa ya kutoka viatu vya kazi vinaingia kwenye mfuko raba zinaingia mguuni, na nikishavaa raba naona aibu kupitiliza na basi.

Baadaye nikakutana na utafiti wa University College London wa 2009, walifuatilia watu 96 wanaojijengea tabia mpya, wastani ikachukua siku 66 mpaka mtu anafanya bila kufikiria, wengine 18, wengine makadirio yakaenda mpaka 254. Kwa hiyo zile siku 21 za kujenga tabia tunazotumiana kwenye magrupu sahauni. Ila kilichoniuma ni hiki, waliona kukosa siku moja hakuharibu kitu. Yaani ile siku ya kumi na moja ningeenda zangu tu jimu!

Kitambi bado kipo, dawa bado nameza, presha imeshuka kidogo na ngazi za ofisini sizihemei tena.

Alhamisi iliyopita mvua ilipiga nikapitiliza mpaka Mwisho. Ijumaa nafika kwa yule mama wa mahindi pale kituo cha Korogwe, njiani, shikamoo mama, marahaba baba, jana hukupita. Nikamwambia mvua mama. Akasema mvua ilikata saa kumi na mbili, huku ananipakia ndimu na pilipili kwenye hindi ambalo sijaagiza. Nikalipa, nikalila natembea. Sasa sijui nusu saa ya mguu na hindi zima zinafutana au inakuwaje.