Kitanda kilichopita ubavuni mwa gari langu

Kilikuwa kitanda cha chuma cha bweni, futi tatu kwa sita. Kipimo nakijua kwa sababu nimeshonea vitanda vya aina hiyo mashuka kwa miaka kumi na tisa. Kilifungwa kwa mpira nyuma ya bodaboda, miguu ikichomoza pembeni, nami nilikuwa nimekwama kwenye foleni ya Kenyatta Avenue hapa Nakuru, dirisha nimeshusha kwa joto. Nilisikia kabla ya kuona. Ilikuwa sauti ya mkasi butu ukikata turubai.

Kijana alisimama. Nalisema hili mapema maana wengi wangekata kona wakapotea. Akavua kofia, akashika kichwa. "Mathe, nisamehe. Sikuona kabisa." Nikamwambia, "Kijana wangu, peleka kwanza kitanda cha watu." Akanionyesha pesa aliyokuwa nayo bila kuulizwa: mia tatu na hamsini. Nikachukua nambari yake ya simu, nikijua kabisa kwamba sitaipiga, nikaenda dukani.

Gari lenyewe ni Toyota Fielder ya mwaka 2010, rangi ya fedha. Nililinunua 2017, bado likiwa na karatasi za meli kwenye kioo. Kazi yake ni kubeba majora ya vitambaa, na ikifika Januari hubeba sweta za shule mpaka kiti cha mbele hakikaliki. Sio gari la kuringia. Hata hivyo, nilipoegesha na kuona ile mistari miwili iliyoanzia mlango wa mbele wa kushoto na kuishia karibu na taa ya nyuma, nilihisi kama mtu aliyetembea mjini siku nzima na pindo la sketi limefumuka.

Kesho yake nikapita kwa fundi mmoja upande wa viwandani. Hakuinama. Alisimama hatua tatu kutoka kwenye gari, akakunja mikono, akasema milango yote miwili ipakwe upya, elfu kumi na sita, na gari nimwachie siku nne. Nikamuuliza kama rangi itafanana na ya upande ule mwingine. "Itafanana tu, mathe."

Hapo ndipo aliponipoteza. "Itafanana tu" ni maneno niliyowahi kuambiwa na muuza vitambaa mwaka nilipoishiwa buluu ya shule katikati ya oda. Nikanunua jora la pili kutoka kiwanda kilekile, nambari ileile. Dukani, chini ya taa, ungeapa ni kitambaa kimoja. Siku ya gwaride watoto wakasimama juani, na nikaona kuna waliokuwa na mikono ya samawati na vifua vya buluu. Kila jora huchovywa siku yake. Na rangi ya fedha ya gari ina ukaidi kuliko kitambaa, kwa sababu ndani yake mna chembe za alumini zinazong'aa, na namna zinavyolala hutegemea mkono wa mpigaji, nguvu ya upepo wa mashine, na kama rangi imepigwa nyepesi au nzito. Mkebe uleule, mafundi wawili, milango miwili tofauti.

Aliyeniokoa ni jirani yangu hapa Kiamunyi, mzee aliyeendesha lori la Mombasa hadi Malaba mpaka mgongo ukamkatalia. Alikuja na jagi la maji. Hakusema neno, akamimina kwenye mlango. Mstari wa juu ukatoweka wote. Wa chini ukatoweka pia, isipokuwa kipande cha kama inchi nne karibu na kishikio cha mlango wa nyuma.

"Umeona?" akaniuliza. "Palipopotea, hapajaumia rangi. Maji yamejaza ufa wa juujuu tu."

Halafu akanifanya nipitishe ukucha, polepole, kukata mstari. Sehemu kubwa ukucha uliteleza. Kwenye zile inchi nne ulinasa.

Basi hivi ndivyo nilivyokuja kuelewa. Juu ya bati kuna praima, yaani rangi ya msingi, juu ya praima kuna rangi yenyewe, na juu ya rangi kuna klia, yaani ile vanishi isiyo na rangi inayolipatia gari mng'ao. Zote kwa pamoja unene wake haupiti sana karatasi ya daftari. Mkwaruzo ulioishia ndani ya klia hauhitaji rangi hata tone. Unachokiona kikiwa cheupe ni kingo za ufa zikitawanya mwanga, kama kioo kilichochorwa. Ukizilainisha kingo hizo, mstari unakwisha. Elfu kumi na sita ilikuwa ya kutibu ngozi nzima kwa ajili ya mchubuko.

Nilianza na dawa ya meno, kwani nani hajaambiwa? Inasaidia, lakini kidogo, maana nayo ina unga wa kusugua. Alama ndogo za kucha karibu na kishikio zilipungua. Mistari ya kitanda haikujali. Nikaenda kununua kompaundi, yaani dawa ya kusugua na kung'arisha klia, kopo dogo, na msasa wa maji nambari 2000. Muuzaji alitaka kunipa 800 akisema itafanya kazi haraka. Itafanya haraka, ndiyo, itakufikisha kwenye bati haraka. Nambari ikipanda, msasa unakuwa laini zaidi. Chini ya 1500 usiguse klia kama wewe si fundi.

Jumapili, baada ya kanisa, gari kivulini. Kivuli ni lazima, kwa kuwa bati la moto hukausha kompaundi kabla haijafanya kazi. Nikaliosha kwa maji mengi, nikaloweka msasa dakika kumi, nikaweka sabuni kidogo kwenye maji, nikapitisha kidogo tu kufuata mstari, mkono mwepesi kama wa kufuta chaki kwenye kitambaa cha hariri. Ukifanya hivyo mlango unakuwa na ukungu wa kutisha. Nilidhani nimeharibu. Kisha kompaundi, kwa kuzungusha, na ukungu ukaanza kuondoka na mng'ao kurudi, na mstari haukurudi nao. Nilikaa chini kwenye ndoo nikacheka peke yangu.

Kuhusu kitambaa cha kusugulia nina ya kusema, maana hapa ndipo kwangu. Watu huchukua tishirti kuukuu na kuanza kazi. Sawa, lakini iwe pamba tupu, na ukate kwanza mishono yote, pindo, na ile lebo ya shingoni. Uzi wa mshono mara nyingi ni poliesta na ni mgumu, na fundo lake hukwaruza klia kama kucha. Vipande vya sweta za shule usithubutu. Taulo la maikrofaiba ndilo bora kuliko vyote, na likianguka chini, hata mara moja, lisirudi kwenye gari kabla ya kufuliwa.

Hili la kuanguka chini linanipeleka kwenye jambo lililonishtua kuliko kitanda. Mlango ulipong'aa, niliona gari zima lilivyo. Kila mahali kulikuwa na vimistari vyembamba vya duara, kama utando wa buibui, vinavyoonekana jua likipiga kwa pembeni. Sikuwa nimegongwa na mtu. Ni sisi wenyewe. Kila asubuhi kwa miaka kadhaa tumekuwa tukipangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, mimi au kijana wangu wa dukani, ili mteja asikute gari chafu.

Sasa fikiria vumbi la Nakuru ni nini. Tunaishi chini ya volkano ya Menengai. Ardhi yetu ni majivu ya volkano na lile jiwe jepesi lenye vitundu, ambalo mama yangu alisugulia visigino kila Jumamosi na ambalo kina mama wanauza sokoni mpaka leo. Jiwe hilohilo likisagika ndilo vumbi linalotua kwenye boneti. Kulipangusa kavu ni kusugua gari kwa jiwe la visigino. Siku hizi ni maji kwanza, yamwagike yenyewe kutoka paani, kisha ndoo mbili: moja ya sabuni, moja ya kusuuzia kitambaa. Kama sina maji, gari linakwenda mjini na vumbi lake na wateja wavumilie.

Turudi kwenye zile inchi nne. Hapo kitanda kilifika kwenye praima, karibu na bati, na mvua za Aprili zilikuwa njiani. Bati likiachwa wazi hapa, kutu haikawii, nayo hutambaa chini ya rangi usikoiona. Bampa ikikwaruzwa hivyo ningeweza kungoja hata mwaka, maana ni plastiki, haioti kutu. Mlango hapana.

Nambari ya rangi ya gari iko kwenye kibati cha chuma. Kwangu kimo ndani ya boneti, mahali palipoandikwa C/TR, yaani rangi ya nje na ya ndani. Langu ni 1F7. Nilipeleka nambari hiyo kwa wachanganyaji wa rangi, wakanitengenezea kichupa kidogo. Nikaijaribu kwanza kwenye kipande cha bati, nikakipeleka juani, nikakiweka ubavuni mwa gari. Ilikuwa na giza kidogo, kwa sababu gari limepauka. Wakaongeza. Mara ya tatu nikaridhika, na yule kijana wa kuchanganya akaniambia hajawahi kuona mteja msumbufu hivyo. Nikamwambia anishonee suruali aone.

Kuipaka, nilitumia kijiti cha meno badala ya brashi. Brashi inayokuja na kichupa inamwaga rangi nje ya ufa na kukuachia mlima. Tone dogo, lijae lenyewe kwenye ufa, likauke, tone lingine. Siku tatu, matone manne au matano, kisha klia juu yake. Niliacha wiki ndipo nikasawazisha kwa msasa na kompaundi. Ukijua palipo utapaona. Usipojua, hapana.

Ningekuwa mwerevu ningeishia hapo. Lakini mkono ulishapata raha. Nikaona alama ndogo kwenye ukingo wa mlango wa mbele, pale bati linapokunjika, nikasugua. Nikasugua tena. Kwenye kingo klia huwa nyembamba na mkono hubonyeza zaidi, jambo ambalo mzee jirani alikuwa ameniambia na mimi nikaitikia "eeh" nikifikiria kitu kingine. Nilipofuta kompaundi palikuwa na doa lenye giza, dogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, lisilong'aa hata ungeliimbia. Nimelitilia rangi na klia. Halijakubali.

Paani kuna pale parachichi lilipoanguka mwaka juzi na kuacha kishimo. Rangi haijapasuka, kwa hiyo nimekiacha. Fundi wa kuvuta bati bila kupaka rangi angekitoa, lakini mti bado upo, na msimu ukifika utazaa. Bampa ya nyuma, niliyoirudisha kwenye nguzo ya geti, nilimwagia birika la maji moto, nikaisukuma kwa ndani, ikaruka na kurudi mahali pake kwa mlio. Rangi ya kijani ya geti ilitoka kwa mafuta ya taa na sabuni.

Wiki iliyopita nilikuwa napakua majora mbele ya duka, bodaboda ikasimama. Kijana wa kitanda. Sikumtambua mpaka alipovua kofia.

"Mathe, ile shida ya gari ulimalizaje?"

"Tafuta mwenyewe."

Akazunguka, akainama, akafuata mlango kwa kidole kuanzia nyuma kuja mbele. Akapita zile inchi nne bila kusimama. Akafika kwenye ukingo wa mlango wa mbele, akatulia, uso ukaanguka.

"Si hii hapa? Pole, mathe. Kweli niliharibu."

"Hiyo hapana," nikamwambia. "Hiyo ni yangu. Shika jora hili unisaidie."