Nilivyofuma rangi za matunda msimu wa joto

Tikiti maji lina rangi tano, ukiacha mbegu: kijani kilichokoza cha ganda, kijani kilichopauka cha michirizi, ule utepe mwembamba mweupe chini ya ganda, waridi, kisha wekundu wa katikati. Nalisema hili mapema kwa sababu vitu vingi vinavyofumwa kwa mtindo wa tikiti huwa na kijani na nyekundu basi, na mtu akikiona anafikiria pambo la Krismasi. Kinacholitambulisha tikiti ni ule weupe. Safu mbili tu za uzi mweupe unaoelekea kijani, kati ya ganda na nyama, na hata mtoto atakwambia ni tunda gani.

Huko ndiko nilikoanzia nilipoamua kutoziweka sindano zangu za kufumia kabatini joto lilipoingia. Sufu sikuigusa. Nani anataka kitu kizito cha sufu kimemlalia mapajani jua likiwaka? Nilichukua uzi wa pamba, na mwingine wa pamba iliyochanganywa na kitani, na nikajipangia vitu vidogo: kofia ya mtoto mchanga, blauzi nyepesi, mfuko wa kubebea matunda.

Pamba ina tabia zake, na aliyezoea sufu atazihisi mikononi siku ya kwanza. Hainyumbuki. Sufu hujirudi yenyewe ukiivuta, pamba hubaki pale ulipoifikisha, na vidole huchoka upesi kwa sababu uzi haulegei hata chembe. Mimi hushuka saizi moja ya sindano, kutoka milimita 4 hadi 3.5, ili vitanzi vikae karibu karibu na kitu kisilegee baada ya kuvaliwa. Na sindano za mbao au mianzi ni bora hapa kuliko za chuma, maana jasho la viganja na chuma havipatani.

Kofia niliifuma kwa mzunguko, safu ikizunguka bila mshono, kuanzia ukingoni: kijani kilichokoza, vitanzi viwili vya mbele (vile laini) na viwili vya nyuma (vile vyenye kinundu) ili ukingo uvutike. Mahali pa kubadilisha rangi ndipo penye siri. Ukiingiza rangi mpya huku ukiendelea na vitanzi vya nyuma, vinundu vya rangi ya zamani vitachungulia juu ya mpya na mstari utaonekana kama umetafunwa. Safu ya kwanza ya rangi mpya ifume yote kwa mbele, hata kama uko kwenye ukingo, halafu urudie mpangilio wako. Mstari utatoka safi kama umekatwa kwa kisu. Kwenye mzunguko kuna pia kile kingazi kinachojitokeza pale safu inapoanzia. Mwanzoni mwa safu ya pili ya rangi mpya, kitanzi cha kwanza nakihamisha tu bila kukifuma, na kingazi kinapungua sana.

Mbegu nilizishona mwishoni kwa sindano ya kushonea, uzi ukifuata njia ileile ya kitanzi kilicho chini yake. Zingatia kwamba kitanzi kimoja ni kipana kuliko kirefu. Kwenye kipande changu cha majaribio, sentimita 10 zilibeba vitanzi 22 kwa upana na safu 30 kwa urefu. Kwa hiyo mbegu ya kitanzi kimoja huonekana kama doa lililobonyezwa. Nilizipa vitanzi viwili, kimoja juu ya kingine, zikawa na umbo la mbegu. Rangi yake hudhurungi iliyoiva sana badala ya nyeusi, kwa sababu nyeusi tupu juu ya waridi inakata macho. Wala usizipange kwa rula. Ukilikata tikiti utaona mbegu zimefuata mkunjo, hapa tatu zimesongamana, pale nafasi tupu.

Embe ndilo lililonipa raha zaidi. Ngozi yake haina mpaka kati ya rangi na rangi: kijani kinayeyuka kuwa njano, njano kuwa chungwa, na upande uliopata jua una wekundu kidogo. Mistari haifai. Nilifuma blauzi kwa nyuzi mbili nyembamba zilizoshikwa pamoja. Kwanza zote mbili kijani, kisha kijani na njano, kisha njano mbili, njano na chungwa, na kuendelea. Kila hatua inabadilisha uzi mmoja tu, kwa hiyo jicho halioni mahali pa kushtukia. Hatua sikuzifanya sawa kwa kimo. Njano niliipa nafasi kubwa kabisa, wekundu nikauacha mabegani peke yake. Rangi zikigawana mahali sawasawa, tunda hupotea na unabaki na upinde wa mvua.

Kabla ya kuanza chochote chenye rangi nyingi huwa napiga picha mabonge ya uzi kwa simu na kuigeuza picha iwe nyeusi na nyeupe. Chungwa na waridi nilizozipenda zilitoka kijivu kilekile, maana yake zingezama moja ndani ya nyingine. Nilitafuta waridi iliyokoza zaidi.

Mfuko ulikuwa mwepesi kufuma: sindano nene, uzi unazungushwa kwenye sindano kisha vitanzi viwili vinafumwa pamoja, na matundu yanajitokeza yenyewe. Rangi ni zambarau ya karakara nje, njano kwenye mshikio. Mshikio ndio wa kuangalia. Matunda ni mazito na pamba hurefuka, mshikio wa kawaida utafika magotini. Wangu niliufuma kwa sindano nyembamba, mfupi kuliko niliouhitaji, na kwa ndani nikaushonea utepe wa kitambaa usiovutika.

Kuhusu kufua: nyekundu na zambarau huchuja. Lowesha kipande cha uzi, kikandamize kwenye kitambaa cheupe, uone, na ufanye hivyo kabla ya kuufuma kando ya weupe. Wapo wanaoshauri siki. Siki husaidia kwenye rangi nyingi za sufu, kwa pamba haizuii kitu. Mimi hutumia maji baridi, sabuni kidogo, siachi kitu kikilowa muda mrefu, kisha nakiviringisha ndani ya taulo kunyonya maji na kukitandaza kivulini. Blauzi ya pamba iliyolowa usiitundike kwenye kamba, uzito wa maji utaivuta ikawa gauni.